Kabla giaboksi haijashushwa

Maji yakiwa yamekupwa, gari linaloshuka kwenye kivuko upande wa Magogoni, Dar es Salaam, lina kilima cha zege cha kupanda kabla halijaifikia barabara. Hapo ndipo pikapu iliyosheheni mifuko ya saruji huanika ugonjwa ambao dereva amekuwa akiuficha wiki nzima. Anakanyaga klachi, anasukuma gia ya kwanza, gia inakataa na kulia. Anakanyaga tena, mara tatu za haraka haraka kama mtu anayejaza upepo mpira wa baiskeli, na safari hii gia inaingia bila ubishi. Gari linapanda. Nyuma yake honi zimeshachanganyika na matusi.

Jioni pikapu inalala gereji, na hukumu imeshatolewa njiani. "Fundi, klachi imeisha." Fundi habishani na mwenye pesa. Kesho yake giaboksi iko chini juu ya turubai, klachi pleti mpya imenunuliwa Kariakoo pamoja na presha pleti na beringi yake, na siku mbili za kazi zimekwenda na maji. Gari linatoka likiwa jepesi, maana katika purukushani hiyo kuna mtu alikumbuka kujaza kikopo cha mafuta ya klachi. Wiki ya tatu, kwenye kilima kile kile cha zege, gia inakataa tena.

Atakayewasimulia madereva watano mkasa huu, wawili au watatu watamwambia kwamba ni wa kwao. Na ajabu yake ni kwamba jibu lilikuwa limeshatolewa na mguu wa dereva mwenyewe. Klachi iliyoisha haiponi kwa kukanyagwa mara tatu. Inayopona hivyo, mara nyingi, ina upepo ndani ya mafuta, na upepo hutolewa kwa spana moja, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa ya mafuta ya breki na mtu wa kukaa kwenye pedeli.

Chanzo cha kosa hili ni mazoea ya zamani. Kizazi kizima cha mafundi kililelewa na klachi ya waya. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilikuwa na waya, kirikuu ya Suzuki ina waya, bodaboda na bajaji nazo zina waya. Klachi ya waya hudai kukazwa kila mara: kadiri sahani, yaani klachi pleti, inavyolika ndivyo mchezo wa pedeli unavyopungua, na waya nao hurefuka kwa kuvutwa. Fundi mzuri wa enzi hizo alijulikana kwa vidole vyake kwenye nati ya waya. Leo Hiace, Hilux, Land Cruiser na Canter zinazobeba abiria na mizigo ya nchi hii zinatumia mafuta, lakini mkono wa fundi bado unatafuta kitu cha kukaza.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Pedeli inasukuma rodi, rodi inasukuma bastola ndogo ndani ya silinda iliyofungwa kwenye ukuta wa injini, ile ambayo gereji zetu huiita masta ya juu. Mafuta yanakimbia kwenye bomba na mpira hadi masta ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Bastola ya chini inasukuma uma, uma unasukuma beringi, beringi inaminya vidole vya springi ya presha pleti, na sahani inaachiliwa izunguke bila kubanwa kwenye flaiwili. Hapo gia hubadilishwa. Mguu ukiondoka, springi inarudisha kila kitu nyuma.

Kinachowashangaza wengi ni udogo wa kiasi cha mafuta kinachofanya kazi yote hiyo. Tuseme masta ya juu ina kipenyo cha milimita 16 na bastola yake inasukumwa milimita 25. Mafuta yanayohama ni takriban mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kikifika kwenye masta ya chini yenye kipenyo cha milimita 20, bastola yake inasogea kama milimita 16. Basi. Mwendo wote wa kuiachia klachi ya gari la tani kadhaa umo ndani ya kijiko cha chai. Sasa weka humo kiputo cha upepo cha mililita 1. Mafuta hayaminyiki, upepo unaminyika, na karibu milimita 3 za mwendo wa bastola zimeliwa na kiputo. Uma haufiki mwisho, sahani inabaki inagusa, gia inalia. Ya kurudi nyuma ndiyo hulia kuliko zote, kwa kuwa katika giaboksi nyingi haina vile vipete vya kulinganisha mwendo ambavyo gia za mbele zinavyo.

Lipo jambo moja ambalo kila mwenye gari la gia za mkono angepaswa kulijua kabla hajakabidhi funguo kwa mtu. Klachi ya mafuta, katika magari mengi ya sasa, hujirekebisha yenyewe. Sahani inapolika, vidole vya presha pleti husogea kuelekea giaboksi na kuirudisha bastola ya chini nyuma kidogo, nayo inayarudisha mafuta kidogo kwenye kikopo. Kwenye breki mambo ni kinyume: pedi zikilika, bastola zinajitokeza na mafuta kwenye kikopo yanashuka, hata pasipo kuvuja. Kikopo cha klachi kinachojitegemea hakina udhuru huo. Klachi inapozeeka, mafuta yake hupanda kidogo. Yakishuka, yanavuja mahali. Hakuna maelezo mengine.

Kwa hiyo yule muungwana wa kituo cha mafuta anayefungua boneti, akaona kikopo cha klachi kiko nusu, akakijaza na kusema "tayari, bosi", amefunika dalili. Si kosa lake, hiyo ndiyo kazi aliyoombwa. Mwenye gari ndiye anayepaswa kuuliza yamekwenda wapi.

Kuyatafuta hakuhitaji kulipia mtu. Zulia la miguuni kwa dereva liinuliwe na mkono upapase pale rodi ya pedeli inapoingilia ukutani: unyevu wenye utelezi hapo ni raba za masta ya juu zimechoka na mafuta yanashuka ndani ya gari. Kisha chini, kwenye giaboksi, kifuniko cha raba cha masta ya chini kifunuliwe kidogo kwa ncha ya bisibisi. Kikiwa kikavu, heri. Kikitoa mafuta, ugonjwa umejitaja. Ikiwa kote ni kukavu lakini pedeli iliyoshikiliwa kwenye taa nyekundu inazama polepole yenyewe, mafuta yanapenya ndani kwa ndani, yanapita pembeni ya raba ya bastola ya juu bila tone kuonekana nje. Ugonjwa huo wa mwisho ndio hupeleka giaboksi nyingi chini bila hatia.

Kuhusu kukaza, hapa ndipo safu hii inatofautiana na gereji nyingi, na inatofautiana kwa nguvu.

Kwenye klachi ya mafuta kuna sehemu moja ya kawaida ya kurekebisha, nayo ni rodi inayotoka kwenye pedeli kwenda masta ya juu. Ina uzi na nati ya kuifunga. Dereva akilalamika kwamba klachi inashika chini sana, fundi wa haraka hujilaza kifudifudi chini ya dashibodi, analegeza nati, anairefusha rodi mizunguko kadhaa, na pedeli inakuwa ya juu na ngumu. Dereva anafurahi. Analipa. Ameuziwa moto.

Ndani ya masta ya juu kuna tundu dogo linalounganisha silinda na kikopo. Mguu ukiwa haupo kwenye pedeli, bastola lazima irudi nyuma kabisa hadi ilipite tundu hilo, ili mafuta yaliyopanuka kwa joto yapate njia ya kurudi. Ndiyo maana rodi haitakiwi kuigusa bastola pedeli inapokuwa juu. Lazima pawe na mchezo. Vitabu vya Toyota nyingi za kazi huandika milimita 1 hadi 5 za mchezo wa rodi ukipimwa juu ya pedeli, na milimita 5 hadi 15 za mchezo wote wa pedeli kabla mafuta hayajaanza kusukumwa. Kipimo hicho ni cha vidole, si cha mguu. Mguu wenye kiatu hausikii milimita 3.

Rodi ikikazwa hadi mchezo ukaisha, bastola inalifunika tundu. Asubuhi gari linakwenda vizuri. Saa sita mchana, kwenye foleni ya Ubungo, injini imechemka, mafuta yamepanuka na hayana pa kutokea, basi yanaisukuma bastola ya chini kidogo kidogo kana kwamba kuna mguu usioonekana juu ya pedeli. Presha pleti inalegea. Sahani inaanza kuteleza, injini inanguruma bila gari kuongeza mwendo, na harufu ya kitu kilichoungua inaingia dirishani. Huko sasa klachi inaisha kweli, na aliyeimaliza ni yule aliyeikaza.

Kipimo cha ugonjwa huu ni chepesi na kila fundi anaweza kukifanya hapo hapo gari linapoteleza. Pedeli ikiwa juu, nipeli ya kutolea upepo kwenye masta ya chini ilegezwe. Mafuta yakiruka kwa nguvu na klachi ikashika tena, kosa haliko ndani ya giaboksi. Ama rodi imebana, ama mpira wa mafuta umevimba kwa ndani na unayazuia yasirudi. Dakika tano, nati moja. Ni vigumu kuelewa kwa nini kipimo hiki hakifanywi kila mara kabla ya mtu kutamka neno "kushusha".

Yapo magari ya zamani, na malori kadhaa, ambayo rodi ya masta ya chini nayo ina uzi na hudai kurekebishwa sahani inavyolika. Kwa hayo kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Na kabla ya kugusa rodi yoyote, wenye magari watazame zulia. Kapeti nene la ziada, lile la manyoya linalopendwa na wenye kupamba magari, likikunjamana chini ya pedeli linakula mwendo kama upepo unavyoula. Wapo waliobadilishiwa masta wakati dawa ilikuwa kutoa kapeti.

Mafuta yenyewe nayo yana mambo yake. Klachi na breki kwa kawaida hutumia mafuta ya aina moja, yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa. Tabia yake kuu ni kunywa maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzijoto 205 za selsiasi. Ikishakunywa maji, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye breki hatari ni mafuta kuchemka mteremkoni. Kwenye klachi balaa kubwa ni kutu: maji yanakaa kwenye silinda, yanatoboa vishimo vidogo kwenye kuta zake, na vishimo hivyo vinazikwangua raba kila pedeli inapokanyagwa. Raba mpya ndani ya silinda yenye kutu haidumu. Ndiyo maana mtu hubadilisha raba leo na kurudi gereji baada ya miezi miwili akimlaumu muuza spea.

Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu mwingi mwaka mzima. Desturi ya viwanda vingi ni kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka 2, na mtu wa pwani hana sababu ya kuongeza muda huo. Lakini ni wangapi wamewahi kubadilisha mafuta ya klachi pasipo kitu kuharibika? Yanayotoka yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni yanaeleza yenyewe. Mapya huwa na rangi ya asali nyepesi.

Ununuzi nao una mitego. Chupa iwe imefungwa kiwandani, kizibo kikalie muhuri wake. Anayekubali kupimiwa mafuta ya breki kutoka kwenye dumu lililokaa wazi dukani ananunua na maji. Chupa iliyobaki nusu nyumbani tangu mwaka juzi itupwe. Mafuta ya injini, ya giaboksi au ya usukani yasikaribie kikopo hicho hata kwa tone, kwa sababu raba za mfumo huu huvimba zikiguswa na mafuta ya petroli na jamii yake, na zikivimba haziponi. DOT 5, ambayo asili yake ni silikoni, haichanganywi na hizo nyingine. Namba yake kubwa isimhadae mtu. Na yakimwagika kwenye bodi yaoshwe mara moja kwa maji mengi, maana yanakula rangi.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, na ina muziki wake. Kijana yuko kwenye usukani, fundi yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Kanyaga, dogo!"

"Tayari, fundi."

"Shikilia." Spana namba 8 au 10 inalegeza nipeli, mafuta na viputo vinatiririka kupitia mpira hadi ndani ya chupa. Fundi anafunga. "Achia!"

Wanarudia hadi viputo viishe. Utaratibu hauna siri, ila una miiko. Nipeli ifungwe kabla pedeli haijaachiwa, la sivyo upepo unavutwa kurudi ndani. Ncha ya mpira izame kwenye mafuta yaliyomo chupani. Kikopo cha juu kisiachwe kikauke, kwa sababu kikikauka kazi inaanza upya, na huyo dogo atakuwa amekwishachoka. Mara nyingine pedeli inalala chini isirudi. Ivutwe kwa mkono, ni kawaida mfumo unapokuwa mtupu. Palipo na bomba lenye kona inayopanda, upepo hujificha hapo na kukataa kushuka. Mafundi wajanja husukuma mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba kubwa la sindano, kwa sababu njia ya upepo siku zote ni juu. Yanayotoka kwenye chupa hayarudishwi kwenye kikopo, hata kama yanaonekana safi.

Kuna siku ambazo giaboksi inapaswa kushuka kweli. Sahani hulika, presha pleti huchoka, beringi hulia. Dereva anayepanda mlima wa Kitonga na mzigo ataijua sahani iliyokwisha bila kuambiwa: anakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, gari linabaki na mwendo ule ule. Kelele inayoanza pedeli inapokanyagwa na kuisha inapoachiwa kwa kawaida ni ya beringi. Katika magari kama Ford Focus masta ya chini imewekwa ndani kabisa, ikizunguka shafti ya giaboksi, na ikivuja hakuna njia ila kushusha. Hapo busara ni kubadilisha vyote kwa pamoja. Safu hii haiwapingi mafundi kushusha giaboksi. Inawapinga kuanza na kushusha.

Lawama zigawanywe kwa haki. Gereji bubu chini ya mwembe hailipwi kwa kufikiri, inalipwa kwa kufungua. Kazi ya nusu saa ya kutoa upepo ina malipo ya soda, kazi ya siku mbili ina malipo ya kodi ya nyumba, na mwenye gari akija na hukumu yake mdomoni, fundi anapewa ruhusa asiyoiomba. Mwenye gari akibadili sentensi moja tu, akasema "fundi, gia inakataa nikikanyaga mara moja, inakubali nikikanyaga mara tatu", mazungumzo yanakwenda njia nyingine. Shule za udereva zingeweza kusaidia zaidi. Mwanafunzi anafundishwa kuachia klachi taratibu kwenye kilima, jambo jema, lakini wengi wanatoka na leseni bila kuonyeshwa kikopo cha klachi kiko upande gani wa boneti.

Kuna na mguu. Dereva anayelaza mguu wa kushoto juu ya pedeli safari nzima, au anayelishikilia gari kilimani kwa nusu klachi badala ya hendibreki ilhali mizigo ya watu imo nyuma, anailazimisha sahani iteleze kwa uzito wa kiatu chake. Hakuna mafuta yatakayomsaidia huyo.

Kikopo chenyewe ni cha plastiki, kwenye gari nyingi kiko karibu na ukuta wa injini mbele ya usukani, kina mistari miwili ya kuonyesha kiwango cha juu na cha chini. Kwenye magari kadhaa ya Ulaya klachi na breki hutumia kikopo kimoja, ila bomba la klachi hutoka juu zaidi ya lile la breki, ili klachi ikivuja yabaki mafuta ya kusimamisha gari. Wenye magari ya gia za mkono wakitazame Jumamosi hii wakati gari linaoshwa. Kwenye vingi, kifuniko chake hufunguliwa kwa mkono, bila spana.